Wembe wa Binti Kinyozi

Wembe ulianguka ndani ya beseni kwa mara ya pili, maji ya sabuni yakamrukia mke wangu kifuani. Nilijifanya sikuona. Niliinama nikautoa, nikaufuta kwa taulo, nikauweka tena kwenye kiganja chake cha kulia na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja juu ya mpini. Nilipoachia, vikafunguka vyenyewe.

"Leo mkono umekataa," akasema. "Wiki ijayo."

"Wiki ijayo," nikasema.

Nikajipangusa povu usoni, nikaenda kumwaga maji nje.

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi yetu tangu alipotoka hospitali. Zamani ilikuwa tofauti. Mke wangu ni binti wa kinyozi, tena kinyozi wa enzi ya wembe wa kukunja, ule ambao makali yake hulala ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, basi ufundi wake akamrithisha binti, pamoja na wembe wenyewe, brashi ya povu, jiwe dogo la kunolea na mkanda wa ngozi wa kulainishia makali. Nilipomwoa nilikuwa kijana mwenye vipele shingo nzima, kwa sababu ya viwembe vya dukani. Jumamosi ya kwanza ya ndoa yetu alinikalisha kwenye kigoda akaniambia nitazame juu. Nikatazama. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaondoka, mimi nikastaafu useremala, na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa natazama dari huku wembe ukipita shingoni kama upepo. Vipele vikaisha.

Nilimwita Binti Kinyozi. Yeye aliniita Fundi, hata tukigombana, ila wakati wa ugomvi alilitamka neno hilo kwa namna nyingine.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi nusu, ulimi ukarudi karibu wote, ingawa maneno yalitoka taratibu. Mkono ulibaki ukining'inia. Daktari alisema unaweza kurudi na unaweza usirudi. Nilisoma shule ya jioni kwa miaka, baada ya kazi, vumbi la mbao likiwa bado kichwani, na moja ya faida niliyoipata ni kujua kwamba sentensi inayosema mambo mawili haijasema kitu. Mke wangu yeye alisikia nusu ya kwanza tu.

"Mtu mwingine asikuguse uso," aliniambia siku ile ile tuliyorudi nyumbani. "Mkono unarudi. Nisije nikakuta wameshakuharibia ngozi, nikaanza upya."

Basi ndevu zikaota. Jirani aliyeniona alidhani nimejiachia, lakini ndani ya nyumba zilikuwa na maana nyingine. Kila siku niliyoamka nazo ilikuwa siku ya kumwambia kwamba ninamngoja. Naye alikuwa akiminya kibunda cha kitambaa alichopewa cha mazoezi, asubuhi na jioni, meno yamekaza, jasho likimtoka, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja.

Aliyetuvurugia mpango huo ni kifungua mimba wetu. Ni mwalimu mkuu msaidizi, na kwa kuwa ameizoea kazi yake, hata nyumbani kwa wazazi huingia kama anayekagua madarasa. Jumapili moja alifika bila kutuambia. Akapita jikoni akaona sufuria iliyoungua. Akapita sebuleni akaona nguo ambazo sikuwa nimezikunja. Akanifikia mimi, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu."

"Shati umelifunga vishikizo upande upande. Na hicho ni nini kwenye ndevu?"

Nikajishika. "Uji."

"Wa leo?"

Nikaukwangua kwa ukucha, maana sikuwa na hakika.

Aliingia chumbani kwa mama yake, akamgeuza, akamkagua mgongo kama kuna vidonda, akambadilishia shuka. Hakukuta kidonda. Hilo nililifanya sawasawa kila siku na nilitaka alitaje, lakini hakulitaja. Alirudi akaketi mbele yangu.

"Baba, mimi sina ugomvi na wewe."

"Ukianza hivyo ujue unao."

"Kwangu kuna kliniki ya viungo, ng'ambo ya barabara tu. Wana vifaa, wana watu waliosomea. Hapa Mama anaminya kitambaa."

"Kitambaa alipewa na daktari."

"Nyumba yangu ni vyumba viwili, unajua. Mama atalala na wasichana. Wewe siwezi kukulaza kwenye kochi, mtu mzima. Lakini siwezi pia kumwacha mgonjwa kwa mtu asiyeweza kujitunza mwenyewe. Jitazame. Asiyeweza kujitunza atamtunzaje mwenzake?"

"Naweza."

"Jumapili ijayo nakuja na baba watoto, na gari. Nikikuta hali ndiyo hii, Mama anaondoka."

Kutoka chumbani ikaja sauti, taratibu, neno moja baada ya jingine. "Mimi siendi popote. Nikienda, baba yako atanyolewa na nani?"

Binti yetu alinitazama usoni, akatazama pale kwenye uji, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinichoma kuliko yote aliyokuwa amesema.

Kwa hiyo nilibanwa pande zote mbili. Nikibaki na ndevu, nampoteza mke wangu Jumapili. Nikinyolewa na mtu, nimemwambia kwa uso wangu kwamba mkono wake umekufa. Nililipima jambo hilo kama ninavyopima ubao, kwa urefu na kwa mapana, na kila nilipokata palipungua.

Jumatatu nikajaribu njia rahisi. Pale kona ya mtaa wetu kuna kinyozi tunayemwita Mashine, kwa sababu hana chombo kingine zaidi ya mashine ya umeme, na umeme ukikatika naye hukaa nje akatafuna njugu. Aliniona nikija akaizima redio.

"Mzee Fundi. Karibu. Ndevu hizo, ukilala karibu na dirisha ndege watataga."

"Nimekuja kukuuliza kitu, sijaja kunyoa."

"Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Naona wewe ulitia maji zikaota."

Aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa kimenyolewa, akacheka mpaka Mashine akamshika utosi asitikisike.

"Wembe wa kukunja unaujua?" nikauliza.

"Nimeuona kwenye picha. Wazee wetu walikuwa majasiri. Mimi mtu akinishikia kile kitu shingoni nampa kila anachotaka. Kaa, mzee wangu, dakika moja tu nakutoa ukiwa bwana harusi."

Nilikaribia kukaa. Kiti kilikuwa wazi, cha pili, na kioo kilinionyesha mzee ambaye mimi mwenyewe nisingemkabidhi hata kuku. Lakini mashine ndiyo iliyoleta vipele mara ya mwisho nilipoijaribu, nikiwa safarini, na mke wangu alivigundua gizani kwa vidole. Angejua. Nikaaga.

"Kinyozi hajinyoi, mzee," Mashine akanisindikiza kwa maneno. "Seremala je? Hakuna aliyemtaja. Jaribu bahati yako."

Alisema kwa mzaha. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Kama lazima uso unyolewe, basi niunyoe mwenyewe, kwa wembe ule ule, nimwambie kwamba nimemshikia zamu tu. Kujishikia zamu si sawa na kwenda kwa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojieleza.

Nyuma ya nyumba nina banda ambamo bado kuna meza yangu ya kazi, jiriwa la kubania mbao, na patasi zangu zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Niliuchukua wembe, brashi na mkanda nikiwa nimevificha ndani ya shati. Jiwe lake dogo sikulichukua. Lilionekana laini mno, kama sabuni iliyobaki, na mimi nina jiwe la mafuta ambalo limenoa vyuma vingi. Wembe wenyewe ulikuwa umepata pengo dogo kwenye makali kwa kule kuangukia beseni. Nikasema, hili ni jambo la dakika.

Chuma ni chuma, niliamini hivyo. Patasi unainua mgongo kidogo, unaisukuma makali yakiwa mbele. Nikauinua wembe mgongo kidogo, nikausukuma makali yakiwa mbele, sauti ikawa nzuri, mafuta yakageuka meusi, pengo likaisha. Niliujaribu kwenye ukingo wa karatasi, ukakata. Nikafurahi peke yangu humo bandani kama mwanafunzi aliyepata hesabu.

Kisha nikatundika mkanda wa ngozi kwenye msumari, nikauvuta kwa mkono wa kushoto ukakaza, kama nilivyomwona akifanya. Kwa miaka yote nilimwona akifanya, lakini nilikuwa natazama dari. Nilichokijua ni ule mlio tu, taratibu, kwenda na kurudi. Nikausukuma wembe juu ya ngozi makali yakiwa mbele.

Uliingia kama kisu kwenye papai. Kabla sijasimamisha mkono, mkanda wa baba mkwe ulikuwa umechanika zaidi ya nusu ya upana wake, kipande kikining'inia kama ulimi.

Nilikaa juu ya kigoda. Nakumbuka nilisema "samahani", na sijui nilikuwa namwambia nani, maana mzee alishafariki na mke wangu alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta. Baadaye nikafanya ambalo seremala yeyote angelifanya. Nikachukua gundi ya mbao, nikapaka pande zote mbili, nikabana ngozi kwenye jiriwa kati ya vibao viwili, nikafuta gundi iliyotoka pembeni, nikaacha ikauke. Asubuhi nilipofungua, mshono ulikuwa umeshika vizuri sana. Mkanda ulikuwa mgumu kama ubao. Ukiupinda, unalia.

Ijumaa ilipofika sikuwa na nafasi ya kungoja tena. Mke wangu baada ya dawa ya asubuhi hulala kidogo. Nikachemsha maji, nikajipaka povu bandani, nikaegemeza kioo cha ukutani kwenye patasi, jua likiingia vizuri dirishani.

Anayedhani kunyoa kwa wembe wa kukunja ni kazi ya mkono hajawahi kujaribu. Kwanza kabisa ni kazi ya kioo. Unataka kwenda kushoto, mkono unakwenda kulia. Unataka kuweka wembe shavuni, kiwiko kinakuziba jicho. Nilianza shavu la kulia, kwa sababu lilikuwa karibu. Wembe haukukata, ulivuta. Nimewahi kupiga randa isiyo na makali juu ya mbao mbichi, ikawa inang'oa nyuzi badala ya kukata. Hiyo ndiyo hali niliyoisikia, ila mbao ilikuwa mimi. Machozi yakanitoka. Ukiona chombo hakikati, unakaza mkono, nami nikakaza. Ukateleza, ukanipata kwenye mfupa wa taya.

Jeraha halikuuma. Niliona tu povu likibadilika rangi, kwanza waridi, halafu jekundu, halafu tone likaanguka juu ya meza yangu ya kazi na kunywewa na mbao.

Nikajaribu upande wa kushoto, mkono ukipita mbele ya pua. Nikaona nyuma ya mkono wangu tu. Nikaujaribu kwa mkono wa kushoto, ukaelekea sikioni. Nikarudi kulia, nikang'oa kidogo, nikasimama. Mle kiooni kulikuwa na mzee mwenye shavu moja lililochunwa na jingine la msituni, akivuja. Sikuweza kwenda mbele, na nywele zilizotoka huzirudishi. Nilisimama hivyo nimeshika wembe kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Fundi."

Alikuwa ameamka. 

"Fundi. Njoo, nataka kwenda msalani."

Msalani hakungoji mtu apone uso. Nikajifunga taulo kichwani mpaka kidevuni kama mwenye jino bovu, nikaingia, nikamwinua, nikampeleka, nikamrudisha. Muda wote alikuwa ananitazama. Nilipomlaza, akavuta pumzi puani, mara mbili.

"Unanuka gundi," akasema.

"Nilikuwa natengeneza kiti."

"Na damu?"

Sikuwa na kiti cha kunuka damu.

"Toa taulo."

Nikatoa. Alitazama shavu moja, kisha la pili. Nilitegemea anikaripie, na nilikuwa nimeandaa hotuba yangu ya kumshikia zamu. Hakukaripia. Alisema, "Lete vitu vyote nivione."

Nikavileta, nikavipanga juu ya shuka. Aliushika wembe kwa mkono wa kushoto, akautazama makali kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Akaugusa mkanda. Akaupinda, ukalia. Akapitisha kidole juu ya mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Umeubana kwenye jiriwa?"

"Ndiyo."

"Umeshika vizuri," akasema, na mdomo ukacheza upande mmoja, ule unaocheza. "Baba angekucheka mpaka akakaa chini. Kwenye mkanda wembe unakwenda mgongo mbele, Fundi. Makali yanafuata nyuma. Ukitanguliza makali ni kama kumtanguliza mbwa mbele ya nyama."

"Ningekuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Nilitafuta jibu lililo zuri, nikakuta lililopo ni moja. "Nisingeweza kukuuliza bila wewe kujua."

Aliugeuza uso ukutani. Nilimwona akilinyanyua bega la kulia, na bega likanyanyuka, na mkono ukalifuata kidogo kama mzigo uliofungwa kamba, ukaanguka. Alifanya hivyo tena. Halafu akaacha.

"Lete lile jiwe dogo," akasema. "Na maji, usilete mafuta."

Mchana wote alinifundisha. Wembe unalazwa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vimegusa, huinui chochote. Unapita kama anayemfuta mtoto machozi. Mkanda uliogandishwa hatukuweza kuutumia. Alinituma nivue mkanda wangu wa suruali wa ngozi, tukaufunga kwenye chaga ya kitanda, yeye akaukaza kwa mkono wa kushoto na mimi nikapitisha wembe, mgongo mbele, huku suruali nimeishika kwa kiwiko. Tulicheka hapo. Namkumbuka akicheka na kulia kwa upande mmoja wa uso, sikujua kipi ni kipi.

Kisha akaniambia nikae karibu, akaniwekea kiganja cha kushoto usoni.

"Sikiliza, maana haya huwezi kuyaona kwenye kioo. Shavuni ndevu zako zinashuka. Kwenye kona ya taya zinageuka, zinaelekea sikioni. Hapa chini, kushoto, kuna mzunguko wa nywele; hapo usikaze, pita mara mbili kidogo kidogo. Kwenye kikoromeo meza mate, kiende juu, ndipo upite. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na vuta ngozi. Mkono mmoja unanyoa, mwingine unavuta ngozi. Ulikuwa unavuta?"

"Nilikuwa nimeshika meza."

"Ndiyo maana. Ngozi isiyovutwa inakimbilia wembe."

Alikuwa akiyasema yote, jambo juu ya jambo, bila kubakiza, na kadiri nilivyojifunza ndivyo nilivyoanza kuogopa. Nilitaka kumwambia abakize kidogo. Kibunda chake cha kitambaa kilikuwa kimedondoka chini ya kitanda tangu asubuhi, nikakiokota nikamwekea mkononi, akakisogeza pembeni kwa mkono mzima. "Subiri kwanza, tunafanya kazi," akasema. Jioni hakukiomba.

Jumamosi asubuhi hakuniambia nimwekee wembe kwenye kiganja. Alijiegemeza kwenye mito, akashika kioo kwa mkono wa kushoto, nami nikanyoa mbele yake. "Laza. Laza zaidi. Vuta ngozi. Usikaze, hiyo si mbao." Wembe ulikata. Sikuamini ulivyokata. Povu liliondoka na ndevu zikaondoka nalo, na chini yake ulikuwa uso wangu, umekonda kuliko nilivyouacha. Kidonda cha taya tulikipaka shabu, dawa ya vinyozi. Alinipapasa shingo yote, akasema, "Sawa." Neno hilo tu. Shule ya jioni walinipa cheti chenye muhuri, na sikukifurahia kama nilivyolifurahia neno hilo, kwa muda wa kama pumzi moja.

Jumapili nilikuwa tayari. Sufuria imesuguliwa, nguo zimekunjwa, vishikizo vimefungwa sawa. Binti yetu aliingia na mumewe, mtu mpole ambaye hupenda kusimama karibu na mlango. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akatabasamu.

"Baba. Nani kakunyoa?"

"Mwenyewe."

"Kwa wembe ule wa Babu?" Akanizunguka kama anayekagua kazi ya mkono. "Umependeza. Kweli kabisa, umependeza."

"Uliniambia nijitunze. Nimejitunza. Kwa hiyo lile jambo letu limekwisha."

"Tutaongea, Baba," akasema, lakini nilimwona amelegea. Alikuwa tayari kushindwa. Ningeweza kuapa kwamba nilikuwa nimeshinda.

Mke wangu ndiye aliyesema. Alikuwa amevaa tayari. Nilidhani amevaa kwa ajili ya wageni.

"Nichukue," akamwambia binti yake. "Ile kliniki. Twende nikajaribu hivyo vifaa."

 Mkwe wangu alitazama viatu vyake.

"Ulisema huendi popote," nikamwambia.

"Nilisema nani atakunyoa." Maneno yake yalitoka taratibu, yamenyooka. "Sasa unajinyoa. Nilikuwa nakaa hapa na hofu hiyo tu, Fundi. Hapa nimeminya kitambaa mpaka kimechakaa. Labda kule watajua. Kama hawajui pia, nitakuwa nimeenda kuuliza."

"Sijinyoi vizuri. Ona hapa, nimejikata."

"Hiyo ni ya Ijumaa."

"Jana ilikuwa bahati. Ulikuwepo unanielekeza. Peke yangu siwezi."

"Unaweza. Nimekufundisha mwenyewe, na mimi sifundishi nusu."

Nilimgeukia binti yetu. Nilimwambia kwamba sufuria niliisugua kwa sababu yake tu, kwamba kesho nitaunguza nyingine, kwamba uji kwenye ndevu ulikuwa wa siku nyingi. Nilijishtaki kwa kila kosa aliloliona Jumapili iliyopita na nikaongeza ambayo hakuyaona. Alinisikiliza kwa upole wote, na hilo lilinitisha.

"Baba," akasema, "ni Mama ndiye aliyeamua."

Nilimfungashia nguo mwenyewe, maana hao wawili hawakujua zilipo. Yeye alikuwa akinielekeza kutoka kitandani: kanga ile, sweta, si hilo, lile la vifungo vikubwa. Wembe hakuutaja. Nilipouliza kama niuweke, alisema, "Wa nini? Kule wote ni wanawake na mtu mmoja anayenyoa kwa mashine." Mkwe akaujibu mzaha huo kwa kucheka, akajishika kidevu.

Mkwe alimbeba mpaka kwenye gari kwa sababu ya ngazi za mlangoni. Mimi nilibeba mkoba, kisha nikarudi kubeba mto, kisha nikakosa cha kubeba.

Jumamosi iliyofuata nilichemsha maji asubuhi. Nilipitisha wembe kwenye jiwe, nikaupitisha kwenye mkanda wa suruali. Nilinyoa kwa jua la dirishani, bila haraka, shavu, taya, ule mzunguko wa kushoto, kikoromeo baada ya kumeza mate. Nilipomaliza nikajipapasa kila mahali. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Simu ikalia. Ni yeye, kwa simu ya mjukuu.

"Umenyoa?"

"Nimenyoa."

"Mkono wangu leo wameufunga kwenye mashine, unapelekwa mbele na nyuma kama msumeno. Unakwenda, ila si mimi ninayeupeleka." Akapumzika. "Umejikata?"

Nilijitazama kiooni. "Kidogo. Chini ya taya."

"Nilijua," akasema, na nikasikia sauti yake ikiinuka, kama mtu aliyeketi vizuri kitandani. "La kushoto?"

"La kushoto."

"Hukuvuta ngozi."

"Sikuvuta."

"Nikueleze mara ngapi, Fundi? Weka kidole gumba nyuma ya sikio. Hapo, umeweka?"

Nikaweka kidole gumba nyuma ya sikio.

"Sasa vuta kwenda juu. Usifanye kama unavuta msumari, ni ngozi. Umevuta?"

"Nimevuta."

"Wiki ijayo ufanye hivyo hivyo. Nitapiga nikuulize."

Nyuma yake mtu alikuwa anamwita, sauti ya kike, ya haraka, akimwambia muda wa zoezi umefika. Akasema anakuja. Halafu simu ikakatika, nami nikabaki mbele ya kioo nimeivuta ngozi yangu, sijui niiachie lini.